Maoni Yetu: Taito ikipotea, fidia isilale

Gari likigongwa hapa Marekani na kampuni ya bima ikaamua halifai kutengenezwa, mwenye gari hupewa habari mbili kwa simu moja. Ya kwanza ni bei: tutakulipa kiasi hiki. Ya pili ni sharti: tuletee taito, yaani hati ya umiliki wa gari. Wasomaji wetu wengi hukwama kwenye hiyo ya pili. Taito haionekani. Huenda ilitiwa kwenye bahasha siku ya kuhama nyumba na bahasha haikufika, au imebaki kwa mkopeshaji aliyemalizwa kulipwa zamani, au haikuwahi hata kuandikwa jina la huyo anayeliendesha gari. Kuanzia hapo fidia inalala. Gari la kukodi linarudishwa, ada ya yadi inahesabiwa kwa siku, na mtu aliyekuwa akijipeleka kazini anaanza kuomba lifti.

Msimamo wetu ni huu. Karatasi iliyopotea isizuie malipo ya mtu aliyetoa ada ya bima kila mwezi, kwa sababu kumbukumbu ya nani anamiliki gari iko serikalini, haiko kwenye droo ya mtu. Kampuni za bima zinajua hivyo, na sheria za baadhi ya majimbo zimekwisha kuzifungulia njia. Sisi nasi tuna deni letu: tumezoea mno kuendesha magari ambayo karatasi zake hazijanyooka, kisha tunashangaa siku ya ajali.

Tuanze na karatasi yenyewe. Aliyetoka Kenya anaijua logibuku na aliyetoka Tanzania anaijua kadi ya gari, hati moja inayobeba usajili na jina la mwenye mali. Marekani kazi hizo mbili zimegawanywa. Karatasi ya usajili hulipiwa upya kila baada ya muda, nayo ndiyo polisi anayoiomba barabarani. Taito hutolewa pale gari linapopata mwenyewe mpya, na mtu anaweza kukaa miaka kumi asiulizwe. Kitu kisichoulizwa hupotea. Wengi wanaamini wamekamilika kwa sababu wana ile ya usajili, mpaka afisa wa madai awaambie kuwa hiyo siyo.

Gari kufa kibima nako hakuhitaji lipondeke lote. Ni hesabu, na kila jimbo lina yake. Oklahoma inalihesabu limekufa pale gharama ya matengenezo inapozidi asilimia 60 ya thamani yake kabla ya ajali. New York kiwango ni asilimia 75, Florida 80, Texas 100. California na Ohio hujumlisha gharama ya matengenezo na bei ya mabaki, na jumla hiyo ikizidi thamani ya gari, basi.

Chukua mfano wa sedani ya dola 12,000. Fundi anasema matengenezo ni 9,500. Mabaki yake mnadani yanauzika 3,000. Jumla ni 12,500, na kwa hesabu ya California gari hilo limekufa hata kama linawaka na kutembea. Bima inakubali kukulipa 12,000 ukiondoa kile kiasi unachojibebea mwenyewe kwa mujibu wa mkataba, tuseme 500. Mkononi unategemea 11,500.

Sasa tazama taito inaingilia wapi. Kampuni ikikulipa thamani yote ya gari, yale mabaki yanakuwa yake. Itayapeleka mnadani irudishe chochote. Bila taito hayauziki, au yanauzika kwa shida. Kwa maneno mengine, kampuni inaihitaji karatasi ile ili ipate 3,000 zake, na kwa kuikosa inashikilia 11,500 zako. Hapo ndipo tunaposema mizani imeinama. Hasara ya kampuni ni ndogo na inaweza kusubiri. Hasara ya familia ni kubwa na haiwezi kusubiri, kwa sababu zamu ya kiwandani inaanza kesho alfajiri na katika miji mingi ya nchi hii basi halifiki huko saa hiyo.

Kuna wanaodhani watakwepa shida kwa kubaki na gari lao. Inaruhusiwa majimbo mengi: kampuni inakata bei ya mabaki na kukuachia gari. Katika mfano wetu utapokea 8,500 na sedani yako iliyobonyea. Lakini taito ya kawaida lazima ibadilishwe iwe taito ya mabaki kabla gari halijatengenezwa, likakaguliwa na kurudi barabarani kihalali. Aliyepoteza karatasi bado atapanga foleni ofisini. Hakuna njia ya panya.

Sheria inasemaje? Texas, ambako Waswahili wengi wamejikita Dallas na Houston, ina sheria nzuri ya malipo ya haraka. Kampuni yako ya bima ikishakuarifu kuwa imeyakubali madai yako, inatakiwa kulipa ndani ya siku 5 za kazi. Lakini sheria hiyohiyo ina tundu: kama malipo yamefungwa kwenye jambo ambalo mdai anatakiwa kulitimiza, siku 5 hizo huanza kuhesabiwa baada ya jambo hilo kutimizwa. Taito ikifanywa ndiyo jambo lenyewe, saa haianzi kugonga mpaka uilete. Kampuni haijavunja sheria, na wewe hujalipwa.

Ukifungua ukurasa mwingine wa sheria za jimbo hilohilo unakuta habari tofauti. Kampuni iliyolipa madai na kushindwa kupata taito inaweza kuiomba serikali ya jimbo taito ya mabaki bila karatasi ya awali, siku 30 baada ya tarehe ya malipo, ikionyesha kuwa iliwaandikia mwenye gari na mkopeshaji angalau mara mbili. Soma vizuri: baada ya malipo. Waliotunga kifungu hicho waliona kuwa kampuni inaweza kulipa kwanza na kushughulikia karatasi baadaye. California nayo inaruhusu. Mwenye gari akishakubali kiasi alichopewa, na siku 30 zikapita bila kampuni kupata taito iliyosainiwa ipasavyo, kampuni inaweza kuomba cheti cha mabaki bila hiyo.

Serikali ya shirikisho nayo haijafunga mlango. Kwa kawaida anayetoa gari anatakiwa kuandika na kusaini maili zilizosomeka kwenye mita, juu ya taito yenyewe. Sheria ya mwaka 1986 iliweka hivyo ili kuwabana wanaorudisha mita nyuma. Tangu 1 Januari 2021, kwa magari ya toleo la 2011 na kuendelea, sharti hilo hudumu miaka 20. Lakini kanuni za utekelezaji zinataja wazi kwamba taito ikiwa imepotea, mwenye gari anaweza kutumia hati maalumu ya uwakala, akaandika maili humo na kumruhusu anayelichukua gari azijaze kwenye taito mpya itakapotoka. Fomu hiyo ipo, na kampuni za bima zinayo makabatini. Baadhi huituma siku ya kwanza bila kuombwa. Nyingine humwacha mteja ahangaike wiki mbili ndipo zimwambie ipo.

Tunajua watakachojibu. Taito ina sababu zake, na sababu hizo si za kubeza. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, magari yaliyozama yalisafishwa, yakahamishiwa majimbo mengine na kuuzwa kwa watu wasiojua, taito zake zikiwa safi kama theluji. Wezi wa magari huishi kwa karatasi bandia. Kampuni ikimlipa mtu asiye mmiliki, mmiliki halisi atakuja na itabidi ilipe tena. Hayo yote ni kweli. Wahamiaji ndio wa kwanza kuumia kwa gari lenye historia iliyofichwa, kwa sababu ndio wanunuzi wakubwa wa magari ya bei ya chini.

Lakini ulinzi huo hautoki kwenye karatasi ya mwenye gari. Unatoka kwenye kumbukumbu. Sheria ya kupambana na wizi wa magari ya mwaka 1992 ilizaa hifadhi ya taifa ya taarifa za taito, iliyo chini ya Wizara ya Sheria, na tangu mwaka 2009 kampuni za bima na yadi za mabaki zinawajibika kuripoti humo magari yaliyokufa kila mwezi. Afisa wa madai mwenye namba ya chesisi na jina lako anaweza kuthibitisha rekodi ya jimbo inasema nini. Na ile nakala utakayopewa ofisini badala ya iliyopotea, inachapwa kutoka wapi? Kutoka kwenye rekodi ileile. Mteja anatumwa kwenda kuleta karatasi inayorudia kile ambacho kampuni ingeweza kukithibitisha yenyewe. Wakati huo yeye ndiye anayepoteza siku ya kazi.

Tena karatasi ni mlinzi dhaifu. Houston, Agosti 2017, kimbunga Harvey kilizamisha magari mengi mno, na taito iliyokuwa kwenye droo ya dashibodi ilizama pamoja na gari ililotakiwa kulithibitisha. Gari lililoibiwa na taito ndani yake humpa mwizi mali na hati kwa pamoja. Serikali zinalijua hili, ndiyo maana majimbo kama Florida yanaruhusu taito kubaki ya kielektroniki na ichapwe pale tu inapohitajika.

Baada ya kuwasema wenye bima, tujiseme na sisi. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari nalo ni mali. Madai mengi yanayosumbua katika jamii yetu hayasumbui kwa sababu karatasi imepotea tu. Yanasumbua kwa sababu ikitafutwa nakala yake, anayestahili kuiomba si huyo aliyegongwa.

Mtu anakwenda Arizona, anamwachia ndugu gari. Taito imesainiwa nyuma, haikupelekwa ofisini. Ndugu anakata bima kwa jina lake, analitumia miaka mitatu. Siku ya ajali taito haipo, na rekodi ya jimbo inasema mwenye gari ni yule wa Arizona. Yeye peke yake ndiye anayeweza kuomba nakala, au kumwandikia mtu uwakala. Kama bado wanapigiana simu, ni heri. Kama waligombana, au yule amesharudi Bukavu au Mombasa, kazi ipo. Texas inampa mnunuzi siku 30 tu kuhamisha taito iwe ya jina lake. Aliyeshindwa kabisa kumpata mmiliki wa awali ana njia ya mwisho ya taito yenye dhamana, ambayo humtaka akate dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari. Hiyo ni njia ya kusafisha umiliki kwa utulivu, si ya kukimbilia wakati gari liko yadi na ada inapanda.

Tatizo la pili ni mkopo uliokwisha lakini haukufutwa. Majimbo mengi humwachia mkopeshaji taito mpaka deni liishe, ingawa New York humpa mwenye gari taito yenye jina la mkopeshaji juu yake. Deni likiisha hutolewa barua ya kuachilia gari. Mtu anaipokea, anafurahi, anaisahau. Miaka baadaye anaomba nakala ya taito na rekodi bado inaonyesha gari liko rehani. Texas hawatakukabidhi nakala bila barua ile halisi ya kuachilia. Kama mkopeshaji alikuwa benki na benki yenyewe ilikufa, shirika la shirikisho la bima ya amana, FDIC, ndilo linaloshughulikia barua hizo kwa benki nyingi zilizoanguka. Inachukua muda. Barua hiyo itunzwe kama cheti cha kuzaliwa.

Tatizo la tatu ni majina. Mke na mume wameandikwa wote wawili kwenye taito. California, yakitenganishwa kwa neno lenye maana ya "na", au kwa mkwaju tu, saini zote mbili zinahitajika. Yakitenganishwa kwa neno lenye maana ya "au", inatosha moja. Wanandoa waliotengana bila kulijua hilo hukutana tena mbele ya afisa wa bima. Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda kuna jingine: jina la ukoo limekaa mbele kwenye taito na nyuma kwenye leseni, na karani anaona watu wawili. Hati ya kiapo mbele ya notari kuwa majina yote ni ya mtu mmoja mara nyingi humaliza jambo, lakini ni afadhali kusahihisha leo kuliko kuapa siku ya shida.

Na kama mwenye gari amefariki, gari ni sehemu ya mirathi. Texas wana kiapo cha warithi kwa gari ambalo marehemu hakuliachia wosia na mirathi yake haikufunguliwa mahakamani. Warithi wote husaini. Aliyeko Goma naye atatakiwa kusaini. Familia zisiache hilo mpaka gari la marehemu ligongwe.

Kwa aliyekwisha kukwama, haya ndiyo ya kufanya. Usingoje barua ya bima. Siku gari linapovutwa kwenda yadi, itafute taito, na usipoiona ndani ya siku moja au mbili anza kuomba nakala. Texas fomu yake ni VTR-34. Ada ni dola 5.45 ukienda mwenyewe kwenye kimojawapo cha vituo 16 vya mikoa vya idara ya magari, au dola 2 kwa posta. Kwa tofauti ya dola tatu na ushee usiende posta, kwa sababu kituoni unaweza kuondoka nayo na posta ni kusubiri. New York fomu ni MV-902 na ada dola 20. Majimbo mengine yana fomu zao, na zote zinataka mambo yaleyale: kitambulisho halali chenye picha, namba ya chesisi iliyonakiliwa bila kosa, saini ya kila mmiliki anayetakiwa, na barua ya kuachilia kama gari liliwahi kuwa na mkopo.

Nakala ikitoka, iliyopotea imekufa. Ukiiokota baadaye chini ya godoro usiiuze wala usiipeleke popote. Na usijaze nyuma ya taito mpya kabla hujaambiwa utie saini wapi. Kisanduku cha maili kikikosewa na kufutwa kwa wino mweupe, karatasi nzima inaweza kukataliwa, na utarudi kwenye foleni uliyotoka.

Muulize afisa wa madai swali hili kwa maandishi: je, mnaweza kulipa kwa hati ya uwakala, na taito iombwe na kampuni? Wakikubali, soma hati kabla ya kusaini. Iwe na namba ya chesisi ya gari hilo moja na iseme kazi yake ni taito tu. Kampuni ikikutumia pamoja nayo karatasi ya kuachilia madai yote, simama hapo. Kama uliumia shingo au mgongo, fidia ya gari ni jambo moja na fidia ya mwili ni jingine, na saini moja iliyotiwa kwa haraka inaweza kuyafunga yote mawili. Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi pale unapolipwa na bima ya aliyekugonga, ambayo haina mkataba na wewe.

Muulize pia mambo mawili ya pesa: gari la kukodi linakatwa lini, na ada ya yadi inalipwa na nani kuanzia tarehe gani. Mara nyingi gari la kukodi hukatwa siku chache baada ya kampuni kutaja bei yake, taito iwepo isiwepo. Ukiona unaburuzwa, kila jimbo lina mamlaka inayosimamia bima na inayopokea malalamiko bila malipo. Texas ni Idara ya Bima ya Texas, New York ni Idara ya Huduma za Fedha. Kampuni hutakiwa kuijibu mamlaka kwa maandishi. Simu kumi za kulalamika kwa afisa hazina uzito wa lalamiko moja lililoandikwa huko.

Mwisho, ondoa namba zako kwenye gari kabla halijapelekwa mnadani, kama jimbo lako linaruhusu, na uiarifu ofisi ya magari kuwa gari si lako tena. New York wanataka namba zirudishwe kabla hujasimamisha bima. Wapo waliolipwa vizuri na kusahau hili, kisha wakaletewa bili za barabara za kulipia za gari wasilolijua liliko.

Tunarudi kwa wenye mamlaka, na tunataka mambo matatu. La kwanza, kampuni ya bima ilazimishwe kumpa mteja orodha kamili ya karatasi zinazohitajika, pamoja na fomu ya uwakala kwa taito iliyopotea, siku ileile inapotangaza kuwa gari limekufa. Iwe kwa lugha anayoielewa mteja, na Kiswahili kinazungumzwa vya kutosha kwenye majengo ya wakimbizi ya Texas, Ohio, Kentucky na Maine kisiachwe nje ya orodha hiyo.

La pili, tundu la Texas lizibwe. Pale rekodi ya jimbo inapomtaja mdai kuwa mmiliki pekee na haionyeshi deni, siku 5 za malipo zihesabiwe tangu aliposaini hati ya uwakala, bila kusubiri karatasi. Kampuni inayo njia yake ya siku 30 ya kupata taito ya mabaki. Iitumie. Palipo na deni, wamiliki wawili au shaka ya wizi, kampuni isubiri. Hatuombi mlango uachwe wazi kwa matapeli. Tunaomba usifungwe kwa waaminifu.

La tatu, gari la kukodi lisikatwe wakati mteja ana risiti ya kuthibitisha kuwa ameomba nakala na anasubiri ofisi ya serikali. Aliyetimiza wajibu wake asiadhibiwe kwa kasi ya posta.

Kwa vyama vyetu, makanisa na misikiti, ambavyo vinajua kukusanya michango ya msiba kwa saa chache, ombi letu ni jepesi. Tengeni jioni moja kila mtu aje na karatasi za gari lake, wakae na wanaozisoma vizuri, na kila mmoja aondoke akijua kama taito ina jina lake, kama deni limefutwa, na kama iko ndani ya nyumba na si ndani ya gari. Kikao hicho kitaokoa fedha nyingi kuliko harambee ya kumnunulia gari jingine mtu aliyenyimwa fidia.

Na wewe msomaji, itafute taito yako leo. Ukiiona, ipige picha pande zote mbili na uihifadhi mahali pakavu nje ya gari. Usipoiona, au ukikuta jina lililoandikwa si lako, nenda ofisini wiki hii. Kwa Texas ni dola 5.45 na nusu siku. Baada ya ajali, uzembe huohuo unagharimu bei ya gari zima.